USIIACHE KOZI YAKO: MUNGU WA MIUJIZA NI MUNGU WA UTARATIBU

  

MAANDIKO YA KUSOMA: Kutoka 5:6-19, Kutoka 18:13-27, Mwanzo 41:33-49, Marko 6:35-44, Yohana 6:12-13, Matendo 6:1-7, Mathayo 5:23-24. Fungua Biblia yako uyasome mwenyewe, usinitegemee mimi tu.

Leo nazungumza na wana wetu walioko vyuo vikuu wakisomea biashara. Wengine mko Kilifi, wengine Mombasa, wengine Nairobi. Wazazi nanyi msiondoke, kwa maana karo inatoka kwenu. Kanisa zima likae, kwa maana mwishoni kuna kazi ya kila mtu.

Kuna swali ambalo vijana mnaniuliza kwa njia nyingi. Mnafika mwaka wa pili au wa tatu, mnapewa yuniti inayoitwa usimamizi wa operesheni, na mioyo inavunjika. Hesabu za foleni. Hesabu za ghala. Michoro ya viwanda vya Japani na Marekani. Mwanafunzi anawaza, "Mimi natoka Golbanti, kiwanda chenyewe sijakiona. Hii itanisaidia nini?" Mwingine anaongeza neno zito zaidi: "Mchungaji, nasikia wito. Hii kozi ni ya dunia. Niache nije nimtumikie Mungu?"

Mwanangu, sikudharau. Wito ni kitu cha kweli, na Mungu akikuita nitakuwa wa kwanza kukuwekea mikono. Lakini swali lako limebeba wazo moja ambalo sitaki liote mizizi: kwamba Mungu yuko kwenye madhabahu na hayuko kwenye ghala, kwamba yuko kwenye maombi ya usiku kucha na hayuko kwenye ratiba ya lori. Wazo hilo limetugharimu sana huku mtoni. Leo tulipime kwa Neno.

1. YETHRO ALIONA FOLENI

Musa aliketi kuamua kesi za watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Watu walisimama mchana kutwa. Mtu wa kiroho angesema, "Tazama mtumishi alivyojitoa!" Mkwewe Yethro hakumsifu. Alimwambia wazi kwamba jambo lile si jema, kwamba atachoka yeye na watu wachoke pamoja naye.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila siku zinakuja kesi 40, na Musa, kwa nguvu zake zote, anamaliza 30. Kila jioni zinabaki 10. Baada ya siku 30 kuna kesi 300 zinazongoja, na kesho zinaingia nyingine 40. Musa aamke mapema, afunge na kuomba, aruke chakula cha mchana: kama bado zinaingia nyingi kuliko zinazotoka, foleni itakua tu. Shida haikuwa moyo wa Musa. Moyo wake ulikuwa safi. Shida ilikuwa kwamba kazi yote ilipita katika tundu moja.

Katika kozi yako hapo ndipo panaitwa mahali panapobana. Mwaka 1984 mwandishi mmoja, Eliyahu Goldratt, alitoa kitabu kiitwacho The Goal, hadithi ya meneja wa kiwanda anayejifunza kwamba kiwanda kizima hakiwezi kwenda mbio kuliko ile sehemu yake inayobana. Ukiongeza mashine kwingine kote na kuacha hapo pamebana, umeongeza marundo tu. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1909, Mdenmaki mmoja aliyeitwa Agner Krarup Erlang alichapisha hesabu za simu zinazoingia kwenye kituo cha simu, na huko ndiko elimu ya foleni ilikoanzia. Na mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni rahisi ambayo utaiandika kwenye mtihani: idadi ya watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara saa ambazo kila mmoja anakaa.

Mama, usiogope, hii unaijua. Tuseme zahanati inapokea wagonjwa 12 kwa saa, na kila mgonjwa anakaa saa 3 tangu kufika mpaka kuondoka na dawa. 12 mara 3 ni 36. Kwa hiyo wakati wowote utakaoingia utakuta watu 36, na benchi zina nafasi ya watu 15. Wengine wako chini ya mti na watoto wenye homa. Mtu akisema, "Tujenge chumba kikubwa cha kungojea," amejenga mahali pa kuteseka kwa starehe. Mwanafunzi aliyeelewa atauliza: katika hizo saa 3, mgonjwa anahudumiwa dakika ngapi na anangoja dakika ngapi? Anangojea wapi? Kwenye kadi? Kwenye maabara? Kwenye dirisha la dawa? Akipata jibu, na hizo saa 3 zikawa saa 1, watu 36 wanakuwa 12. Wagonjwa ni wale wale, wauguzi ni wale wale, na kila mtu amepata benchi.

Hiyo ni huruma iliyovaa hesabu. Yethro alikuwa nayo.

Na dawa aliyotoa Yethro ilikuwa nini? Wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kesi ndogo ziishie chini, kesi ngumu zipande kwa Musa. Kutoka 12 inasema waliotoka Misri walikuwa wanaume kama 600,000. Gawanya: wakuu wa kumi 60,000, wa hamsini 12,000, wa mia 6,000, wa elfu 600. Jumla 78,600. Mtu mmoja aliyechoka akawa watu 78,600 wenye kazi! Na angalia ahadi ya Yethro: Musa ataweza kudumu, na watu watarudi makwao kwa amani. AMANI, mpendwa. Foleni ikikatika, amani inaingia.

Sisi wa Tana tunajua foleni isiyosimamiwa inazaa nini. Malka ni nini kama si foleni? Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanashuka mtoni, mashamba yako ukingoni, na njia ya kufikia maji ni nyembamba. Wazee wetu walijua hilo zamani. Gasa ya Wapokomo na Matadheda ya Waorma walikaa na kupanga nani apite wapi. Hawakuwa na shahada, lakini walikuwa wakigawa uwezo mdogo kwa mahitaji makubwa, na hiyo ndiyo operesheni yenyewe. Na mwaka 2012 mpaka mwanzoni mwa 2013, utaratibu ulipovunjika na maneno ya uchochezi yakaingia, tulizika watu zaidi ya 100 katika delta hii. Sitasema ilikuwa ni maji peke yake. Lakini maji, malisho na mashamba vilikuwa katikati ya jambo lile. Usiniambie tena kwamba kupanga zamu ni jambo la dunia.

Neno moja zaidi kabla hatujamwacha Musa. Kazi inayokaa juu ya mtu mmoja hufa naye. Mnajua historia ya hapa: mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapa hapa Golbanti. Kazi ya Injili ingekuwa imekaa juu yao wawili tu, ingezikwa siku ile. Lakini wengine walishika, na wewe unayesoma ni tunda la hao wengine. Jiulize, huduma yako, duka lako, kikundi chako cha akina mama: ukiugua wiki mbili, kinaendelea?

2. YUSUFU ALIJENGA GHALA MAHALI PANAPOFAA

Yusufu alijazwa Roho hata Farao akakiri. Na Roho alimpa nini? Alimpa tafsiri ya ndoto, halafu akampa MPANGO. Wengi tunapenda tafsiri. Tunapenda kusikia, "Nimeona miaka saba ya shibe." Tukisikia hivyo tunapiga vigelegele na kwenda nyumbani. Yusufu hakunyamaza alipomaliza kutafsiri. Aliendelea: tafuta mtu mwenye akili, weka wasimamizi, kusanya sehemu ya tano ya mazao, iweke akiba.

Kaa na hiyo sehemu ya tano. Ukiweka moja ya tano kila mwaka kwa miaka saba, una akiba ya mavuno ya mwaka mmoja na karibu nusu. Hiyo ndiyo ya kula miaka saba ya njaa. Ukiigawa sawasawa, kila mwaka wa njaa unapata kiasi kile kile cha moja ya tano ya mwaka wa shibe. Basi ilibidi kupima, kuuza kwa kiasi na kufunga mlango wa ghala kwa nidhamu. Si kila aliyelia siku ya kwanza alifunguliwa ghala lote. Imani ya Yusufu ilikuwa na kipimo mkononi.

Sasa tazama mstari wa 48, ambao wengi tunaupita mbio. Chakula cha mashamba yaliyouzunguka kila mji kiliwekwa ndani ya mji ule ule. Hakujenga ghala moja kubwa kwenye jumba la Farao watu wote wakatembee jangwani. Aliweka chakula karibu na tumbo litakalokihitaji.

Watu wa Golbanti, Ngao, Tarasaa, Oda, nyinyi mnaelewa haraka kuliko profesa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 tunayakumbuka. Yalivunja hata kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, mradi uliokuwa na wahandisi na mashine. Yakaja ya 2018. Yakaja ya mwisho wa 2023, na kabla matope hayajakauka, ya Aprili na Mei 2024. Kila mara hadithi ni moja: chakula kipo Garsen, barabara imekatika, vijiji vimekuwa visiwa, na unga unangoja mashua. Chakula kipo! Lakini kiko mahali pasipofaa, kwa wakati usiofaa.

Na mafuriko yetu mengi hayaji kama mwizi. Mvua inanyesha milimani, mabwawa ya juu yanajaa, Masinga likishafurika na mengine yakafuata, KenGen inatoa ilani, na maji yanachukua siku kadhaa kushuka mpaka kwetu. Hizo siku ndizo zawadi. Katika kozi yako zinaitwa muda wa kujiandaa kabla mzigo haujafika. Nuhu alipewa muda huo. Akautumia kwa kupima mbao, mikono 300 kwa 50 kwa 30. Je, sisi tunautumia kwa nini? Kubishana kama ilani ni ya kweli?

Tuseme sasa wewe una duka. Unauza marobota 360 ya unga kwa mwaka. Kila safari ya lori au pikipiki ya mizigo kutoka mjini inakugharimu shilingi 1,000, iwe umebeba mengi au machache. Na kila robota likikaa dukani mwaka mzima linakula shilingi 200 za panya, unyevu na pesa zilizolala. Ulete mangapi kwa safari? Mwaka 1913 Mmarekani Ford W. Harris alitoa kanuni yake: zidisha 2 kwa 360 kwa 1,000, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 60. Safari 6 kwa mwaka. Nauli shilingi 6,000. Na kwa kuwa dukani kwa wastani kuna marobota 30, hasara ya kukaa nayo ni shilingi 6,000 vile vile. Pande mbili za mizani zimekaa sawa.

Lakini mwanangu, ukijibu hivyo kwenye mtihani ukapata alama zote, ukarudi Golbanti ukafanya hivyo hivyo, Novemba itakukuta. Kanuni ya Harris haijui kwamba barabara yetu hukatika. Hapo ndipo darasa linakuhitaji WEWE. Profesa ana kanuni, wewe unaujua mto. Ongeza akiba ya tahadhari kabla ya mvua, iweke mahali palipoinuka. Asiyetoka hapa hawezi kulijua hilo kutoka kitabuni. Kwa hiyo usiseme kozi haikuhusu. Kozi bila mtu wa Tana imepungukiwa.

3. YESU ALIKETISHA WATU KABLA YA MUUJIZA

Wanaume 5,000, mikate mitano, samaki wawili. Sisi Wapentekoste tunapenda sana habari hii, na tuna haki. Lakini Marko anatuonyesha jambo: kabla mkate haujamegwa, Bwana aliagiza watu waketi kwa makundi, hamsini hamsini na mia mia. Hebu fikiria watu 5,000 wenye njaa bila kukaa. Wenye nguvu wangefika mbele, wajane na watoto wangekanyagwa, na muujiza ungegeuka kilio. Utaratibu uliandaa njia ambayo muujiza ungepita.

Na baada ya watu kushiba? Bwana aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili chochote kisipotee. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuumba mkate mwingine kesho alikataa kupoteza makombo ya leo. Kama kuna mtu angeweza kusema, "Acha, upo mwingine," ni Yesu. Hakusema.

Sasa twende chini ya miembe yetu. Msimu ukifika, maembe yanaiva yote pamoja. Lori ni moja, dalali ni mmoja, na yeye anajua kwamba embe lako halingoji. Anataja bei, unanung'unika, unauza. Yanayobaki yanaoza chini, nzi wanafurahi. Kila mwaka tunaomba, "Bwana, fungua soko." Ni ombi zuri. Lakini Bwana akifungua soko kesho, meneja wa soko lile atauliza: una tani ngapi, za aina gani, zitakuwa tayari wiki gani? Nani atajibu?

Mwanafunzi wetu anaweza kujibu! Likizo ikifika, achukue daftari, apite kaya kwa kaya, ahesabu miti. Aandike ipi huanza kuiva na ipi hufuata. Aone ni embe ngapi kati ya mia zinaoza na zinaozea wapi: mtini, chini, kwenye gunia, au njiani kuelekea Minjila? Kama zinachubuka kwa sababu ya magunia, dawa ni kreti, si maombi ya soko. Kama zinaoza kwa sababu zote zimechumwa siku moja, dawa ni ratiba. Kaya 20 zikisimama pamoja na orodha moja mkononi, dalali anakutana na watu walioketi kwa makundi. Hawezi kuwakanyaga.

4. VUTA KAMBA, SIMAMISHA KAZI

Hili nitalipita haraka, lakini limenigusa rohoni. Japani, Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika. Kabla ya hapo mashine ingeendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue. Wazo hilo likaingia katika viwanda vya magari vya Toyota: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, na isiporekebishwa upesi, kazi inasimama. Wanaona afadhali kupoteza dakika chache leo kuliko kuuza kasoro kesho.

Sasa soma Mathayo 5:23-24. Umeleta sadaka, umefika madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Bwana anasema nini? Iache sadaka hapo, nenda kapatane kwanza, ndipo urudi utoe. Mpendwa, Yesu anavuta kamba! Anasimamisha ibada katikati kwa sababu uzi umekatika. Sisi tunafanyaje? Uzi umekatika kati ya mtu na mkewe, kati ya kiongozi wa kwaya na mweka hazina, kati ya boma hili na boma lile, nasi tunaendelea kufuma kwa sauti kubwa zaidi. Miaka kumi baadaye tunashangaa kitambaa kina shimo.

Kama kuna ndugu unayemkwepa sokoni Garsen, vuta kamba leo.

5. LAKINI FARAO NAYE ALIKUWA MENEJA

Hapa nakuonya, mwanafunzi, maana profesa huenda asikuonye. Katika Kutoka 5, Farao aliondoa nyasi na kudai matofali idadi ile ile. Wasimamizi walikuwepo, takwimu zilikuwepo, hesabu ya kila siku ilikuwepo. Kwa karatasi, Farao alipunguza gharama na kubakiza uzalishaji. Mbinguni kilio kilisikika.

Historia ya kozi yako ina kivuli hicho. Mwaka 1913 Henry Ford alianzisha mstari unaotembea katika kiwanda chake cha Highland Park, na muda wa kuunganisha fremu ya gari ulishuka kutoka saa zaidi ya 12 hadi kama saa moja na nusu. Ajabu kubwa! Lakini watu walichoka na kazi ile ya kurudia tendo moja kutwa nzima, wakaacha kazi kwa wingi, na Januari 1914 Ford akalazimika kutangaza malipo ya dola 5 kwa siku. Mtu si mashine. Ana pumzi ya Mungu ndani yake.

Kwa hiyo kozi itakupa kipimo, lakini haitakupa moyo. Yethro na Farao wote walihesabu. Mmoja alihesabu ili watu warudi makwao kwa amani. Mwingine alihesabu ili watu wasipate nafasi hata ya kumwabudu Mungu wao. Utakapokuwa meneja, na watu wa kijiji chetu wakifanya kazi chini yako, watajua upesi wewe ni nani kati ya hao wawili.

6. BASI, WITO AU KOZI?

Sasa nakujibu. Soma Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na shida ya operesheni: chakula kiligawiwa kila siku, na wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa. Kulikuwa na manung'uniko, tena ya kikabila. Mitume hawakusema, "Tuombe tu, yatapita." Waliunda kikosi cha watu saba. Na sifa ya kuchaguliwa ilikuwa nini? Wawe wenye sifa njema, WALIOJAA ROHO MTAKATIFU na hekima.

Roho Mtakatifu, kwa kazi ya kugawa chakula! Hawakuchukua mabaki, wale waliokosa nafasi ya kuhubiri. Wa kwanza katika orodha ni Stefano, aliyeona mbingu zimefunguka. Wa pili ni Filipo, aliyeipeleka Injili Samaria. Walianzia kwenye orodha ya wajane. Na mstari wa 7 unasema Neno la Mungu likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana. Ugavi ulipokaa sawa, uamsho ukapata njia.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kati ya Roho na kozi. Jazwa Roho, MALIZA kozi. Kama Mungu anakuita kuhubiri, atakuita ukiwa na shahada mkononi, na kanisa litapata mchungaji anayejua kwa nini mfuko wa wajane unaisha kabla ya mwezi. Na kama hakukuiti kuhubiri, amekuita kama Stefano, kwenye meza. Hiyo nayo ni madhabahu.

KAZI YA WIKI HII

Mwanafunzi: chagua kitu kimoja unachokiona kikingojewa hapo ulipo, foleni ya chakula chuoni au kivuko cha nyumbani. Hesabu wanaoingia kwa saa moja. Pima muda wanaokaa. Kisha omba ukiwa na hizo namba mbele yako.

Mzazi: umeuza mbuzi, umeuza mpunga, umekopa kwenye chama. Usimwulize mtoto tu, "Ulipata alama ngapi?" Mwulize, "Umejifunza nini kinachoweza kutusaidia hapa?" Mwache akueleze, hata kama atatumia maneno magumu. Siku akiweza kukueleza wewe ukaelewa, ujue ameelewa.

Kanisa: kabla mvua nyingine haijaja, kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wazee wasioweza kutembea, wajawazito na wagonjwa, na kwa kila jina andikeni nani atamchukua na atampeleka wapi palipoinuka. Karatasi moja tu. Makundi ya kumi kumi, kama Yethro. Maji yakishuka kutoka juu yasitukute tukiulizana nani anamjua bibi wa kule mwisho.

TUOMBE

Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa watoto wetu walioko vyuoni. Unawajua kwa majina, unajua karo iliyobaki na usiku wanaolala na njaa. Wape akili ya Yusufu na moyo wa Stefano. Waokoe na roho ya Farao. Utufundishe sisi tuliobaki nyumbani kuketi kwa makundi, ili baraka yako isitukanyage. Linda mto wetu, mifugo yetu na mashamba yetu. Waorma na Wapokomo, Wawardei na wote uliowakusanya hapa, tupe kunywa maji mamoja kwa amani. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Kama Neno hili limekugusa, andika AMINA hapo chini na umtumie mwanafunzi mmoja unayemjua. Huenda usiku wa leo anafikiria kuacha.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Tuonane Jumapili.